Angalia sabuni kwanza: maneno juu ya kukagua nyumba za wazee wetu

Wengi mlisema mvua iliwafunga kule Kadutu na Bagira, hamkuweza kufika. Basi hii ndio hotuba yote vile niliitoa hapa Bukavu, Kongo, mbele ya jamaa na watunzaji wa wazee. Picha za ukutani nimeziacha, na hata waliofika hawakuziona, umeme ulikatika nikiwa bado kwenye picha ya pili.

Bababa na bamama, masista, baba pasta, chefu wetu wa avenyu, na nyinyi wanafunzi wa uanfirmye (uuguzi) mliokaa karibu na mlango (najua kwa nini mmekaa karibu na mlango), jambo yenu!

Jambo sana. Asante.

Mmeniomba nieleze namna ya kukagua nyumba ya wazee, yaani usalama wake na ile kazi ya kuzuia maambukizo ambayo sisi watu wa afya tunaiita PCI. Wengine mnafikiri nitawapa fishi ya kujaza, msalaba hapa, msalaba pale, kwisha. Fishi ziko na ni nzuri, ila fishi haina macho. Mimi nataka niseme neno moja tu na nitalirudia mpaka mchoke: usikague nyumba, kagua mikono. Kagua kazi vile inafanyika siku ambayo hakuna mgeni.

Kuna nyumba moja, jina lake sitasema, nilifika asubuhi. Walikuwa wamepigiwa simu mapema kwamba ninakuja. Sakafu inang'aa, harufu ya javel, ile dawa ya klori ya kusafishia, inakukuta tangu getini, mashuka meupe, wazee wamevalishwa nguo za misa. Siku ya kazi, ndugu zangu, nguo za misa! Mama msimamizi ananitembeza, huku ni chumba cha wanaume, huku ni jikoni, namwambia mama asante sana, naomba kwanza ninawe mikono. Akanipeleka kwenye lavabo. Sabuni iko pale kwenye kisahani kizuri. Naichukua: kavu kabisa, na maandishi ya kiwandani bado yamesimama juu yake, unaweza kuyasoma kwa kidole gumba. Nafungua robine, inakohoa hewa, tone hakuna. Sasa niwaulize nyinyi. Katika nyumba ambayo nusu ya wazee wanavaa pampers, asubuhi ile mikono ilinawiwa wapi?

Nasikia mnacheka. Ila yule mama hakuwa mtu mbaya, na wala hakuwa mvivu, sakafu ile aliipanguza mwenyewe kwa magoti. Alifanya kile kila mmoja wetu anafanya akiambiwa mgeni anakuja. Kwa hiyo ukipiga simu wiki moja mbele, utakachokagua ni mapokezi. Ukitaka kuona kazi yenyewe fika saa kumi na mbili asubuhi wakati wa kubadilisha wazee, au jioni wakati wa kulisha, omba kiti, kaa pembeni ya kitanda kimoja, nyamaza, fuata mtunzaji mmoja kwa macho. Amenawa kabla ya kumgusa koko, yaani mzee wetu? Amenawa baada ya kutoa ule uchafu? Kabla ya kufunga kidonda? Baada ya kumaliza na huyu, kabla ya kwenda kwa yule? Na akigusa meza, fimbo, ukingo wa kitanda, je? Hizo ndizo nafasi tano ambazo Shirika la Afya Duniani linafundisha dunia nzima. Na kunawa kwa maji na sabuni ni sekunde 40 mpaka 60, hesabuni nyumbani leo mtashangaa ni ndefu namna gani. Kwa ile dawa ya alkoholi ni 20 mpaka 30.

Halafu kuna mambo ya maganti, yaani glavu. Mnajua mtu akivaa maganti anajisikia amekingwa, na kweli yeye amekingwa, lakini mzee je? Nimeona mtunzaji anavaa ganti asubuhi anazunguka nayo vitanda vyote, anabadilisha huyu, anamnywesha yule uji, anapangusa pua ya mwingine, ganti ni ileile. Kwa mzee wa kitanda cha mwisho, heri angekuja na mikono mitupu aliyoinawa! Ganti moja, mtu mmoja, kazi moja, halafu inatupwa na mikono inanawa. Kama hakuna ya kutosha, basi sabuni. Sabuni kwanza.

Mnaniambia, dokta unatutisha kwa mambo madogo. Mimi si dokta, ni anfirmye, lakini niwape hadithi ya kwetu hapahapa Kongo.

Mwaka 1976, Yambuku, kaskazini ya nchi, wakati ule inaitwa Zaire. Hospitali ya misheni, watu wa kujitoa kweli. Kila asubuhi anfirmye walikuwa wanapewa sindano tano. Tano! Tano kwa wagonjwa wote wa siku ile, na kati ya mgonjwa na mgonjwa sindano inasuuzwa tu kwenye maji ya vuguvugu. Ugonjwa ulioingia pale ndio dunia ikaja kuuita Ebola. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, na katika wafanyakazi 17 wa hospitali 11 walikufa. Hospitali ilipofungwa ugonjwa ukaanza kupungua, fikirieni neno hilo, watu walikuwa salama zaidi hospitali ikiwa imefungwa. Na Profesa Muyembe, mtaalamu wetu wa virusi, wakati ule bado kijana, alifika kule akatoa damu za wagonjwa bila ganti, damu ikamtiririkia kwenye vidole. Alikuwa na nini cha kujikinga? Maji na sabuni. Alinawa. Alinusurika, na alieleza mwenyewe.

Sasa mtaniambia sisi katika nyumba ya wazee hatupigi sindano. Sawa. Wembe wa kunyoa bababa ni ngapi? Ile mashine ya kutoboa kidole kupima sukari ni ya nani? Taulo la kuosha uso, beseni, mkasi wa kucha? Kule Marekani, na pesa zao zote, hepatiti B, ugonjwa wa ini, imesambaa katika nyumba za wazee kwa sababu ya kitu kimoja tu, kile kichomeo cha kidole cha kupimia sukari kinazunguka kutoka mzee hadi mzee. Kirusi cha hepatiti B kinaweza kukaa siku 7 kwenye kitu kikavu na bado kina nguvu. Tone ambalo jicho halilioni. Kwa hiyo ukiwa mkaguzi fungua droo. Usiulize "mnatumia wembe mmoja mmoja?" kwa sababu utajibiwa ndiyo. Sema "naomba nione wembe wa Mzee fulani." Kama una jina lake umekaa kwenye kikopo chake, vizuri. Kama wanaanza kuangaliana, umeshapata jibu.

Tuje kwa javel, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndipo watu wa Bukavu tunajidanganya. Tunafikiri ikinuka sana ndio inaua sana. Hapana. Javel ya vitu na ya sakafu yenye damu, matapishi au mavi inatakiwa kuwa ya 0,5 kwa mia. Ya mikono, kama kweli sabuni imekosekana, ni 0,05, dhaifu mara kumi. Chupa ikiwa imeandikwa 5 kwa mia, kikombe kimoja cha javel na vikombe tisa vya maji, hiyo ndiyo ya vitu. Ukichukua kikombe kimoja cha hiyo uliyochanganya ukaongeza tena vikombe tisa vya maji, hiyo ndiyo ya mikono. Basi. Kikombe kilekile, usibadilishe kikombe katikati!

Lakini ile chupa ya sokoni iliyojazwa upya na haina karatasi, nguvu yake nani anaijua? Muuzaji hajui, mnunuzi hajui, na kirusi ndio kinafaidi. Na hata ile nzuri, ukiichanganya leo kesho imekufa, inatengenezwa kila siku, inafunikwa, inawekwa mbali na jua, ndoo inaandikwa tarehe na saa. Na huwezi kumwaga javel juu ya uchafu ukategemea muujiza, uchafu unakula javel. Kwanza ondoa, osha kwa sabuni, kisha javel, uache dakika 10 ndio upanguze. Ah, na jambo lingine: msimwage javel kali kwenye poo, chombo cha kukojolea, yenye mkojo wa usiku. Inatoa hewa yenye kuchoma macho na kifua, na wewe umeinama juu yake kwenye kachumba bila dirisha. Wale bamama wanaokohoa kila asubuhi wakidai ni baridi ya ziwa, wengine si baridi.

Niwarudishe 2019. Mnakumbuka Ebola ilifika Goma mwezi wa saba, mwezi wa nane ikatokea Mwenga, kwetu kabisa Kivu ya Kusini? Kila mlango hapa mjini ulikuwa na ndoo yenye robine. Duka, kanisa, shule, hata mganga wa miti shamba alikuwa na ndoo! Leo ziko wapi? Zingine zimebeba maharagwe. Zingine ziko, lakini kavu. Kipindupindu hakikuondoka kwetu, watu wa kando ya ziwa mnakijua kwa majina, na mpoksi ilipopanda kutoka Kamituga, mji wa migodi hapa Kivu ya Kusini, mpaka Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari ya dunia nzima tarehe 14 mwezi wa nane 2024, tulianza kutafuta ndoo upya. Mzee wa miaka 80 hawezi kusubiri sisi tutafute ndoo upya kila mara. Kuhara kwa siku moja kunaweza kumaliza maji mengi ya mwili wake.

Kwa hiyo ukikagua, fuata maji. Yanatoka wapi, bido ya lita 20 ya njano inaoshwa lini, yanamwagwa kwenye nini, na, hapa fungua macho, yanachotwa na nini. Nimeona maji yaliyotiwa klori safi kabisa, yamekaa dakika zake 30, yako kwenye pipa lenye kifuniko, halafu kila mtu anazamisha kikombe chake na vidole vinne ndani. Kazi yote ya asubuhi imekwisha kwa vidole vinne. Pipa lenye robine chini, au chombo chenye mdomo mwembamba, ni pesa kidogo kuliko serumu moja ya mshipani.

Sasa upele. Mnajikuna nikilitaja tu, naona.

Kulikuwa na mama mzee mmoja anajikuna usiku kucha, katikati ya vidole, kiunoni, chini ya matiti. Wakampaka dawa ya benzoati, akapona, baada ya mwezi ukarudi. Wakampaka tena, ukarudi tena, na sasa jirani yake pia. Watu wakaanza kunong'ona, mnajua sisi wa hapa, neno karuho, sumu ya kutegewa mtu, haliko mbali na mdomo. Hakuna sumu yoyote! Yule mdudu wa upele akiingia kwa mtu mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 mpaka 6 kabla mtu hajajikuna. Wiki sita unamshika mkono, unamfunga nguo, unamlaza, na hujui kitu. Ndio maana kumtibu mmoja ni kupoteza dawa. Wote walio karibu naye wanapakwa siku moja, wazee na watunzaji na yule binti wa kufua, na siku hiyohiyo nguo na mashuka yanafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na zile zisizofulika, kama makoti, zinafungwa kwenye sashe (mfuko) siku kadhaa bila kuguswa. Mkaguzi anaulizaje hapo? Asiulize "mna upele?" Aombe kuona mikono. Ya watunzaji kwanza.

Na msimsubirie mzee apate homa ndio mseme anaumwa. Mwili wa mzee mara nyingi haupandishi joto kama wa kijana. Koko aliyekuwa anakuita jina lako, leo anakuita jina la dada yake aliyekufa zamani. Aliyekuwa anakula sahani nzima leo anageuza uso. Ameanguka mara mbili bila sababu. Msiseme "ni uzee tu". Inaweza kuwa mapafu, inaweza kuwa mkojo, na inaweza kuwa kidonda cha mgongo ambacho hakuna mtu amemgeuza akakiona, na asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kama kila saa mbili, usiku pia.

Hapa lazima niseme kuhusu wanaomgeuza, na wakubwa wa nyumba mlio hapa mnisamehe.

Mwezi wa pili 2020 kule Kirkland, jimbo la Washington, Marekani, Covid iliingia nyumba moja ya wazee ikaua wengi sana. Wachunguzi walipoangalia, sababu mojawapo ilikuwa nini? Watunzaji walikuwa wanakuja kazini wakiwa wagonjwa, na wengine walikuwa wanafanya kazi katika nyumba zaidi ya moja. Unafikiri walipenda? Sasa geuza uso utazame hapa. Mama wa usiku analipwa kidogo, tena kwa kuchelewa, siku asipofika anakatwa. Ana kikohozi. Ana watoto wanne. Atakuja au hatakuja? Atakuja! Na atakohoa juu ya uji wa mama yako. Mimi katika ukaguzi wangu naulizaga swali hili mbele ya msimamizi: mtunzaji akiugua, siku hiyo analipwa? Hakuna bango la "zuia kikohozi" linaloweza kushinda jibu la hapana. Hili ni jambo la pesa, na kamati ndiyo inashika pesa.

Nimesema usalama pia, si maambukizo tu. Tuingie kwenye mlango.

Nyumba nyingine, usiku, mlango wa mbele una kofuli. Namuuliza mama wa zamu:

"Mama, funguo iko wapi?"

"Iko na sentineli, mlinzi wetu."

"Na sentineli iko wapi?"

"Alitoka kidogo, anaendaka kutafuta mkate."

"Na mlango wa nyuma?"

"Ule tulifunga na misumari, juu ya bezi."

Juu ya bezi, yaani kwa sababu ya wezi. Na ndani, katika korido, kuna babula, yaani jiko, yenye makala (makaa) ya moto, maana usiku wa Bukavu ni baridi na wazee wanatetemeka. Ndugu zangu, nani hapa hajaona moto Kadutu? Nani hajaona vile nyumba za mbao zinashikana, moto ukianza kwa mmoja unaishia kwa ishirini, na gari la kuzima moto linakwama chini kwa sababu njia ni nyembamba? Vijana wanaruka wanakimbia. Mzee wa kitandani anaruka kwenda wapi?

Na hata bila moto kuwaka, babula ndani ya chumba kilichofungwa inaua kimyakimya. Hewa ya makala haina harufu, mtu anasikia kichwa kizito, anasinzia. Asubuhi watasema amekufa kwa uzee, nani atauliza zaidi kwa mtu wa miaka 85? Babula haingii wanapolala watu, hata mlango ukiachwa nusu. Blanketi mbili, soksi, chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa.

Najua kofuli iliwekwa kwa nia njema, kuna Mzee mmoja pale alikuwa anatoka usiku kutafuta ng'ombe zake za zamani, walimkuta barabarani. Sawa, weka kitasa cha juu ambacho hawezi kukifikia, weka kengele, lakini kisifunguliwe kwa ufunguo uliotoka kutafuta mkate. Na mkaguzi asikubali kuonyeshwa mlango, aseme: "fungua". Ahesabu. Kisha amchague mzee asiyetembea, aseme: "huyu sasa, mtoeni". Mara ya kwanza utaona watu wanne wanagombana nani ashike miguu. Wafundisheni kumburuta kwenye blanketi lake, mtunzaji mmoja anaweza, kichwa kinatangulia. Fanyeni mchana kwanza, halafu siku moja fanyeni usiku bila taa. Ngazi zetu hizi za mlimani, zenye kulowa, bila kamba ya kushika, hizo pia zinavunja nyonga kila msimu wa mvua, sitaki kukaa hapo, mnazijua.

Jambo la mwisho ni kaye, yaani daftari. Kila nyumba inatakiwa kuwa na kaye ya mambo yaliyoharibika: nani ameanguka, nani ameharisha, saa ngapi, alikula nini, kilifanyika nini. Nikifungua nikakuta ukurasa mweupe miezi mitatu, wengine wanafurahi, mimi naogopa. Wazee thelathini, miezi mitatu, hakuna aliyeteleza hata mmoja? Kaye nyeupe inaniambia kwamba kuna mtu aliwahi kuandika ukweli akafokewa. Wanaharisha watatu Jumatatu, watano Jumanne, na hakuna mtu anaunganisha kwa sababu kila zamu inaogopa kuandika. Kwa hiyo mkubwa wa nyumba, anayeandika mshukuru mbele ya wengine. Na sisi wakaguzi tuache ile tabia ya kutoka na raporti mkobani kama polisi. Kabla sijaondoka nakaa na wale watunzaji wenyewe, tunachagua mambo mawili ya kurekebisha wiki hii, mawili tu, moja lenye halihitaji pesa na moja lenye linahitaji, tunaandika nani atafanya na kwamba nitarudi. Siku ya kurudi siisemi. Mnacheka tena.

Na nyinyi jamaa, watoto na wajukuu, msidhani haya ni ya wakaguzi. Nyumba ya wazee si hospitali, mtu wa zone ya afya anaweza kuipita tu barabarani miaka. Wewe unaingia kila Jumapili na mandazi. Ukiingia nawa kwanza, hata kama watakushangaa. Gusa sabuni. Muombe Koko akuonyeshe kikopo chake cha wembe. Jaribu mlango wa nyuma. Kama una kikohozi au kuhara, Jumapili hiyo tuma mandazi na mtu mwingine. Ukiona jambo, mwambie msimamizi kwa heshima, pembeni, si kwa kupiga picha na kuirusha WhatsApp ya familia, maana wiki ijayo mlango utafungwa kwa wageni wote na hapo nani ataona?

Ile fishi mliyotaka iko kwa sista pale mezani, kila nyumba ichukue moja, na lita moja ya javel yenye karatasi yake ambayo wanafunzi wamechangia. Sasa maswali. Tuanze na mama wa kitenge cha kijani, amenyoosha mkono tangu nilipotaja mshahara.